Barua ya wazi kwa maaskofu na maparoko wa Nairobi: tembeeni na vijana hadi City Hall

Kwa Baba Askofu Mkuu na maaskofu wasaidizi wa Jimbo Kuu la Nairobi. Kwa maparoko na wakurugenzi wa vijana katika dekania zote. Na kwa viongozi wa makanisa mengine mnaolea vijana katika mji huu:

Tumsifu Yesu Kristu.

Nawaandikia nikiwa mlezi wa vijana katika parokia moja ya Eastlands. Kilichonisukuma ni hija ya mjini ambayo vijana wetu, wengi wao wa umri wa miaka 18 hadi 30, huifanya kwa miguu wakati wa Kwaresima. Wanatoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga alfajiri, wanapita Mukuru kwa Reuben na Sinai, wanashika Lunga Lunga Road kupitia Industrial Area, na jioni wanafika katikati ya Nairobi. Njiani wanasimama mahali ambapo watu wa mji huu wameumizwa, na mahali ambapo walisimama kidete kudai haki yao. Katika kila kituo kuna somo, kuna sala, na kuna mwenyeji wa hapo anayezungumza.

Mmekuwa mkiibariki hija hii, na tunashukuru. Paroko huja getini asubuhi na mapema, hutunyunyizia maji ya baraka, hututia moyo, kisha hurudi ndani kuendelea na ratiba yake ya siku. Hapo ndipo tatizo langu linapoanzia. Naomba, kwa heshima zote, muitambue hija hii kuwa sehemu ya malezi ya imani kwa vijana wa jimbo zima, mtembee nayo ninyi wenyewe, na ikifika mwisho mwende pamoja na vijana hadi City Hall, kwenye ofisi za kaunti zinazoamua juu ya maji, ardhi na makazi ya watu tuliowasikiliza njiani.

Sisemi tuache hija za mbali za Subukia wala Namugongo kule Uganda. Nimewaona vijana waliorudi kutoka Subukia wakiwa na nia mpya ya maisha, na wapo Wakenya wanaotembea kwa majuma mengi ili wafike Namugongo tarehe 3 Juni. Imani yao hunipa nguvu. Lakini kijana wa Mukuru akipanda basi kwenda Subukia anaacha nyuma mtaro wa majitaka unaopita mlangoni pao na notisi ya kubomolewa iliyobandikwa ukutani, na akirudi anavikuta palepale. Anahitaji pia kulelewa ajue kwamba habari za mtaro huo zinamfikia Mungu, na kwamba Kanisa lake lina neno la kusema juu yake mbele ya wenye mamlaka.

Niruhusuni niwapitishe katika vituo vichache, maana wengi wenu hamjapata nafasi ya kuvifikia pamoja nasi.

Tunaanzia Kware. Julai 2024 miili ya wanawake, mingine ikiwa imekatwakatwa, ilipatikana ndani ya magunia katika timbo lililojaa maji na taka. Walioingia kuitoa ni vijana wa mtaa, kwa kamba na kwa mikono yao, na kituo cha polisi kiko karibu tu na hapo. Tunasoma habari ya Kaini na Abeli, halafu tunanyamaza. Hakuna mahubiri. Upande huohuo wa Mukuru kwa Njenga ndipo maelfu ya familia zilipovunjiwa nyumba mwishoni mwa mwaka 2021 kupisha barabara, na wapo mahujaji wetu ambao siku hiyo walikuwa watoto wa shule, wakalala nje katika mvua pamoja na mama zao.

Kituo ambacho vijana hukitaja zaidi wakirudi nyumbani hakina historia yoyote kubwa. Ni kibanda cha maji. Mama anayeuza hapo hutuonyesha mabomba yake: ni ya plastiki, unene wake kama wa kidole gumba, na yamelala ndani ya mtaro wa maji machafu kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuyapitisha. Yalipopasuka yamefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Maji yakija kwa nguvu, yanavuja kutoka. Presha ikishuka, uchafu wa mtaro unavutwa kuingia. Mama huyo huyaeleza haya bila hasira, kama mtu anayeeleza kazi yake. Anamimina maji kidogo katika kikombe cheupe ili tuone rangi, kisha anainua mtungi na kumpa mteja anayengoja, kwa sababu mteja hana pa kwenda na yeye hana kazi nyingine.

Mwaka mmoja kulikuwa na kijana aliyetoka parokia ya upande wa pili wa mji, kule ambako kila nyumba ina mita. Alitoa simu akapiga hesabu pale pale. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 5 siku za kawaida. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Hiyo ni shilingi 250 kwa yuniti. Akapiga simu nyumbani asomewe bili yao, akakuta kwamba kwao yuniti moja ni bei ya chini kuliko hiyo, na maji ni safi, na yanaingia hadi jikoni. Mama akamwambia kwamba maji yakipotea mtaani, mtungi huohuo hufika shilingi 20 na zaidi. Kijana akauliza, "Sasa mama, kwa nini iwe hivyo?" Akajibiwa, "Hilo nenda ukawaulize wanaochora mabomba. Mimi hawajawahi kuniuliza."

Nimelala na kuamka na jibu hilo. Katekisimu yote ya mafundisho ya jamii ya Kanisa imo ndani yake, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi. Wanaochora mabomba hawako Mukuru. Wako katika ofisi ambazo kijana wa miaka 22, hata awe na imani kiasi gani, hufika mlangoni akaambiwa arudi wiki ijayo.

Tena sababu zenyewe zinajulikana. Watu wengi wa Mukuru wanaishi kwenye ardhi ambayo wengine ndio wenye hati, na pasipo hati bomba kubwa huwa haliji, na pasipo bomba kubwa hujitokeza watu wa kuunganisha maji kwa njia zao na kuyauza kwa bei yao. Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Wenyeji walikaa vikao vingi, nyumba kwa nyumba, wakasema wapi pawe na barabara, wapi pawe na shule, wapi maji yapite. Zipo barabara na mabomba yaliyojengwa kutokana na kazi hiyo, na yapo mengi yaliyobaki kwenye makaratasi. Yaliyobaki yanahitaji mtu wa kuyafuatilia mwaka baada ya mwaka. Waheshimiwa huja na kuondoka kila baada ya miaka mitano. Parokia haihami.

Sinai tunafika jua likiwa limepanda. Jumatatu asubuhi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la mafuta linalopita hapo, ikaingia mtaroni, watu wakaja na ndoo na mitungi kuichota, ikalipuka. Waliokufa walizidi 100. Hija haijawahi kufika hapo akakosekana kijana wa kuuliza kwa nini watu walikimbilia mafuta yanayoweza kuwaka. Hatumkatazi kuuliza. Mwenyeji humjibu kwa kumweleza kibarua cha siku moja kililipa pesa ngapi wakati ule, na ndoo moja ya petroli ingeuzwa pesa ngapi. Halafu humuuliza nani aliyeruhusu watu walale juu ya bomba la mafuta kwa miaka yote hiyo. Tunawasha mshumaa, tunasali kwa ajili ya marehemu, tunaendelea.

Kwenye Lunga Lunga Road tunapita mbele ya milango ya viwanda ambako watu husimama tangu kabla ya mapambazuko wakingoja kuitwa kibarua. Hatuna kituo rasmi hapo. Tunapita kimya, kwa sababu baadhi ya wanaongoja ni wazazi wa vijana tunaotembea nao.

Sasa mjini. Hapa naomba mnisikilize hasa, maana vituo vya mjini vinalihusu Kanisa lenyewe.

Pembeni mwa Uhuru Park, pale Freedom Corner, ndipo Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa limekusudiwa kujengwa ndani ya bustani mwaka 1989. Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Februari 1992, akina mama wazee walikaa hapohapo wakagoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Baadhi yao walivua nguo mbele ya polisi, na kila mtu aliyelelewa katika jamii zetu anajua mama mzee akifanya hivyo anatamka laana ya namna gani. Waliofukuzwa pale walivuka barabara wakaingia All Saints Cathedral, na Provosti Peter Njenga akawapokea. Walilala chini ya kanisa hilo karibu mwaka mzima. Wengi wa wana wao waliachiliwa.

Vijana wetu wengi hawakuwa wamezaliwa. Wanapoambiwa habari hii ndani ya jengo lenyewe, nyuso zao hubadilika. Hubadilika kwa sababu wamezoea kuona milango ya kanisa ikifunguliwa kwa wageni waheshimiwa wa harambee, na sasa wanasikia kwamba palikuwa na kanisa lililofungua mlango kwa wanawake waliopigwa, likakubali kukasirikiwa na serikali kwa ajili yao. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia humohumo wakawapiga watu waliokuwa wakidai mabadiliko ya katiba. Mimi ni Mkatoliki, na nasema wazi kwamba hakuna mahali katika Nairobi ninapojivunia kuwa Mkristo kuliko katika kanisa hilo la ndugu zetu Waanglikana.

Wala sisi hatukosi vyetu vya kukumbuka. Novemba 27, 2015, Papa Fransisko alikwenda Kangemi, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akazungumza na watu wa mitaa ya mabanda. Alitaja ukosefu wa maji, alitaja wanaonyakua ardhi hadi viwanja vya kuchezea watoto wa shule, na alitaja ardhi, makazi na kazi kuwa haki takatifu. Watu wa Nairobi walimwelewa mara moja, kwa sababu Januari ya mwaka huohuo watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi walipoandamana kuokoa uwanja wao. Siku hiyohiyo ya Kangemi Papa alikutana na vijana Kasarani akawaambia ufisadi ni kama sukari, ni mtamu na watu wanaupenda, na akawashikisha mikono kuukataa ukabila. Miaka kumi ilitimia Novemba 2025. Nawauliza kwa upole: katika parokia zetu, hotuba ile ya Kangemi imesomwa mara ngapi kwa sauti? Kipaimara kinafundishwa bila hiyo. Semina za vijana zinaendeshwa bila hiyo. Ningependa kila kijana anayepakwa mafuta katika jimbo hili aisome akiwa amesimama mahali inapozungumzia.

Novemba 2024 Baba Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alitoa katika kanisa katoliki la Soweto. Sijui kama mnatambua tendo lile lilifanya nini mioyoni mwa vijana. Wale walioacha kuja misa tangu Juni walianza kuuliza tena ratiba ya jumuiya. Mimi nilipokea simu zao. Walikuwa wameona Kanisa likifanya jambo lenye gharama, na hilo liliwatosha.

Na hiyo Juni ndiyo kiini cha hofu yenu, nalijua. Tangu vijana waliposimama kupinga Mswada wa Fedha, Bunge likaingiwa tarehe 25 Juni 2024, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu watu 60 waliokufa katika miezi iliyofuata, kundi lolote la vijana linalotembea mjini linaonekana kama maandamano. Parokia moja jirani ilighairi hija siku chache tu kabla, kwa maelezo kwamba vijana wataingizwa kwenye siasa. Nawaelewa mapadre wanaoogopa. Wamezika vijana. Hakuna mlezi anayetaka kumpigia mzazi simu ya namna ile.

Hata hivyo hofu hiyo inatudai tufanye kinyume cha kujiondoa. Sheria ya utulivu wa umma inataka polisi wapewe taarifa ya msafara si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa hiyo ikipelekwa na kijana aliyevaa fulana, OCS, mkuu wa kituo cha polisi, huiweka kando. Ikipelekwa ikiwa na sahihi ya paroko na mhuri wa parokia, hupokewa. Padre aliyevaa kanzu na stola akitembea mbele, hakuna atakayetuuliza tunakwenda wapi. Ulinzi mkubwa zaidi ambao vijana hawa wangeweza kupewa mnao ninyi, nao haugharimu shilingi. Kukataa kutembea nao hakuwazuii kwenda mjini. Watakwenda, ila watakwenda bila ninyi na bila sala.

Kuhusu siasa: bei ya mtungi wa maji ni siasa, kweli. Njaa ya akina mama wa 1992 ilikuwa siasa. Kila mwaka tunasoma katika jumuiya zetu kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachotolewa kwa jina la maaskofu wetu, chenye hadithi ya ufisadi juma hili na ya mazingira juma lijalo, na tunaulizwa tuone, tuamue, tutende. Njia hiyo ilitoka kwa Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi miaka ya 1920, na YCS wetu, yaani chama cha wanafunzi Wakristo, wamelelewa nayo shuleni. Kuona tunaona sana. Kuamua tunaamua, mara nyingi kwa chai na mandazi. Katika kutenda ndipo kijitabu kinapofungwa tukangoja cha mwaka ujao. Hija ya mjini imewatoa vijana kitini wakaona kwa macho yao, na sasa wamekwama palepale tulipokwama sisi wazazi wao.

Mzee mmoja wa Mukuru alituambia jambo ambalo sijaweza kuliweka chini. Alisema watafiti huja wakasikiliza wakaondoka na walichosikia, wafadhili huja wakasikiliza wakaondoka, wagombea huja wakasikiliza wakaondoka, "na ninyi wa kanisa mlisikiliza mwaka jana." Hakuongeza neno. Kumsikiliza mtu maskini akieleza shida yake mbele ya vijana wageni, kisha kumwacha hivyohivyo, ni kumchukulia kitu. Tunampa kijana uzoefu wa kiroho kwa gharama ya mama wa maji. Siwezi kuendelea kuiongoza hija ya namna hiyo.

Kwa hiyo nawaomba pia yafuatayo yaheshimiwe popote hija hii itakapofanyika. Vituo vichaguliwe na wenyeji kupitia jumuiya zao, na wao ndio wazungumze; mgeni asije kuwaeleza watu wa Sinai kuhusu Sinai. Picha zisipigwe ndani ya mitaa, hata ya kundi lenyewe, kwa sababu nyuma ya kila kundi kuna mtoto wa mtu aliye nusu uchi au mama anayefua. Msafara uanzie Mukuru kuelekea mjini, usianzie Karen kuelekea Mukuru. Hili la mwisho nalishikilia sana. Kijana wa Mukuru anayeuza soksi kwenye barabara za mji huwa anakimbizwa na kanjo, askari wa kaunti. Wengi wao wamepita mbele ya Holy Family Basilica, kanisa kuu la jimbo letu, wakikimbia na hawajawahi kuingia. Katika hija wanaingia kwa kuimba, wanakaa viti vya mbele, na vijana wa mitaa yenye mita za maji wanaingia nyuma yao. Nimeona kijana akigusa ile sakafu kwa kiganja kabla ya kuketi.

Mnapoitisha maoni ya vijana baada ya hija, muwe tayari pia kwa maswali yanayotuhusu sisi. Wakishasimama milangoni pa viwanda hawachelewi kuuliza mlinzi wa parokia analipwa ngapi, mwalimu wa chekechea ya kanisa analipwa ngapi, na kama mpishi wa nyumba ya mapadre ana bima ya afya. Wamekwisha kuniuliza. Naomba halmashauri za parokia ziwajibu kwa hesabu, kwa sababu kijana aliyefundishwa kudai haki kwa kaunti na kunyamaza kwa paroko amefundishwa vibaya.

Nimalizie na City Hall. Kutoka mlango wa Basilika hadi City Hall ni hatua chache tu, na Bunge la Taifa liko jirani. Hija yetu huishia ndani ya Basilika, Jumamosi jioni, wakati ofisi zote zimefungwa. Vijana wanapokea baraka, wanapanda matatu, wanarudi Eastlands. Mama wa maji hajafikishiwa jibu lolote.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja maji safi na salama ya kutosha, makazi na usafi wa mazingira kuwa haki za kila mtu. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi rasmi katika Bunge la Kaunti. Tena kalenda yenyewe iko upande wetu. Sera ya matumizi ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwaresima huanguka hapohapo katikati, na Pasaka hata ichelewe vipi haivuki tarehe 25 Aprili. Tukisikiliza Mukuru katika juma la pili la Kwaresima, Tume ya Haki na Amani ya jimbo ina muda wa kutosha kuwaita mawakili wake, kukaa na wenyeji, na kuandika ombi linalotaja mtaa, bomba na kiasi cha fedha, kabla mezani hapajaandikwa lolote lisilofutika.

Ninachoomba basi ni siku moja ya kazi, Jumatatu au Jumanne, kati ya hija ya Kwaresima ijayo na Juma Kuu. Misa ya asubuhi iwe katika Basilika. Askofu aiadhimishe mwenyewe. Wawepo mama wa maji, mzee wa Mukuru, na vijana wachache waliochaguliwa na wenzao, na kama viongozi wa makanisa mengine watakubali, wawe nasi pia. Misa ikiisha tutoke pamoja, tuvuke barabara, tulikabidhi ombi lile kwa karani wa Bunge la Kaunti, na lipigwe mhuri wa kupokelewa mbele yetu. Kisha jimbo liteue mtu mmoja wa kulifuatilia hadi bajeti ipitishwe, na arudi Mukuru kueleza kilichopatikana na kilichokataliwa, kwa majina ya waliokataa.

Nitafurahi kuja kuzungumza nanyi wakati wowote, nikiwa na vijana wenyewe. Barua ya kuomba tarehe hiyo tayari iko katika ofisi ya paroko wangu, ikingoja kupelekwa kwenu.

Wenu katika Kristu,

Mlezi wa vijana,
Eastlands, Nairobi